Anaota Meno, na Majibu Mengine ya Kuacha Kuyatoa

Mtoto wa miezi saba anaharisha tangu jana asubuhi. Bibi amesema: anaota meno. Wa miaka minne hataki kulala peke yake. Baba amesema: anadeka. Wa darasa la tatu analia kila Jumamosi ikifika saa ya kwenda tuisheni: mvivu tu huyo. Wa kidato cha pili hali vizuri, halali, hasemi na mtu: balehe hiyo, itapita. Wa chuo amepiga simu saa 6 usiku akasema hana shida, alitaka kusalimia tu: pesa zimemwishia.

Majibu haya tunayapenda kwa sababu yanafunga shauri. Ukishatamka mojawapo, unaruhusiwa kuendelea kukaa. Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, babu, shangazi, mjomba na dada wa kazi aliye tayari kuinuka. Mahitaji yake ni machache: kigoda, ili macho yako yawe sawa na macho ya mtoto, kadi ya kliniki, isiyofungiwa sandukuni pamoja na vitenge, na simu yako wewe, si ya mtoto, iliyozimwa kwa nusu saa kila siku. Ufundi ni uleule kwa kila umri: jibu la mkato likikujia mdomoni, limeze, kisha mtazame mtoto.

"Anaota meno"

Meno yamesingiziwa mengi. Huanza kutoka kwenye miezi sita hivi, na ni miezi hiyohiyo mtoto anapoanza kula uji, kutambaa, kuokota kila kilichoanguka na kukitia mdomoni. Kinachomharisha ni uchafu wa chakula, wa maji na wa mikono, yetu ikiwemo. Kwa hiyo acha kumpanua mdomo ukitafuta jino. Tazama macho: yameingia ndani? Tazama utosi: umebonyea? Nepi iko kavu tangu asubuhi? Anakataa kunyonya, au choo kina damu? Ukiona hata moja, safari ni ya kituo cha afya, sasa hivi. Kama bado anakunywa na amechangamka, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na mpe ORS, pakiti nzima katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kukisia kwa jicho. Na zile zinki ulizopewa, mpe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Vidonge vilivyobaki havitunzwi kwa ajili ya mdogo wake atakayezaliwa.

Jibu hili lina ndugu yake aliye hatari zaidi: "meno ya plastiki". Mtoto ana homa, jirani anampanua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anatoa hukumu, na mtoto anapelekwa kwa mtu atakayeuchimba kwa kisu au spoku ya baiskeli. Ule uvimbe ni chonge lake, jino halisi lililo njiani. Akishachimbuliwa anabaki na homa yake ileile, na juu ya homa anaongezewa kidonda, damu inayomwagika na hatari ya pepopunda. Watoto wamekufa hivi. Anayekushauri jambo hilo mwambie hapana, hata akiwa mama mkwe, na mtoto apelekwe akapimwe.

Degedege nalo lina mabingwa wake wa mtaani. Wapo wanaomfukiza mtoto kwa moshi wa mavi ya tembo, na wapo wanaoapa kwamba akichomwa sindano atakufa. Saa zinapita, na mara nyingi kilichomshika ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani. Mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, legeza nguo, usimtie kijiko mdomoni wala usimnyweshe chochote, kisha tafuta usafiri. Yule ndege anayesemekana kuleta degedege aachiwe wasimuliaji wa hadithi.

"Maziwa yako mepesi, mpe uji"

Shauri hili hutolewa siku ya arobaini, na mtoaji huwa ameshika kikombe tayari. Mtoto analia, basi ana njaa. Ana njaa, basi maziwa hayatoshi. Mtoto mchanga hulia kwa mambo mengi: usingizi, joto, nepi, kutaka kushikwa. Miezi sita ya kwanza anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji, na yale ya mwanzo kabisa, dang'a ya rangi ya njano ambayo wengine huikamua na kuimwaga, ndiyo kinga yake ya kwanza. Mama mwenyewe anahitaji kula, kunywa na kulala, na asisemewe maneno ya kumvunja moyo.

Hapa kuna kazi ya baba na ya bosi. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamruhusu hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Wengi hawazijui saa hizo mbili, na bosi hawatangazii. Zidai. Baba anapewa siku tatu. Asizimalize kwa kupokea pongezi sebuleni. Afue nepi, apike supu, ambembeleze mtoto usiku ili mama alale.

Ikifika miezi sita, uji unaruhusiwa, na hapo nchi nzima inageuka wataalamu wa lishe. Unauziwa unga wenye mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga na mbegu za maboga, vyote katika pakiti moja yenye picha ya mtoto mnene. Nafaka tano ndani ya sufuria moja bado ni kundi moja la chakula. Karanga na soya huiva kwa muda wao, huharibika upesi, na zikihifadhiwa vibaya hupata sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Pika uji wa unga mmoja ulio safi. Kisha tafuta vile vinavyokosekana: yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mchicha, parachichi, papai, kijiko cha mafuta. Na mlishe mara kwa mara, maana tumbo lake ni dogo kama ngumi yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayovuna mahindi ya kulisha wengine. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na kaka yake wa miaka saba na sufuria ya uji uliopoa. Chakula kipo. Mtu wa kukaa na mtoto akimlisha taratibu ndiye hayupo, na mtu huyo anaweza kuwa baba, babu, au jirani wa zamu.

"Nitakuitia daktari akuchome sindano"

Sisi ni mafundi wa kutisha watoto. Asipokula, polisi anakuja. Asipolala, mzee wa gunia yuko dirishani. Asiponyamaza, daktari atamchoma sindano. Kisha inafika miezi 18, siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, na mama anamburuta mtoto kwenye korido ya zahanati. Mtoto ameona koti jeupe kwenye upenyo wa mlango. Amejikunja, ameng'ang'ania kanga ya mama kwa meno, anapiga mayowe hadi muuguzi hasikii chochote kifuani mwake. Mama anaona aibu, anasema, "Sijui ana nini huyu." Ana kumbukumbu nzuri. Aliambiwa mara mia kwamba mtu huyu ni adhabu, naye akaamini, kwa sababu aliyemwambia ni mama yake.

Mwambie ukweli kabla hamjatoka nyumbani: utachomwa, itauma kidogo, nitakushika, itaisha. Atalia. Akilia mshike kama ulivyoahidi. Atakuwa amejifunza jambo kubwa kuliko sindano: mama akisema, ndivyo ilivyo.

Umri wa miaka miwili hadi mitano ndio umri wa kujitupa chini katikati ya duka. Watu wanatazama, na shida yetu hapo ni wale watu. Tunamkaripia mtoto kwa ajili ya wateja wa duka. Chuchumaa. Mtoto huyu ana hasira kubwa kuliko mwili wake na hana maneno ya kuitolea. Maneno unayo wewe, na Kiswahili hakijatunyima: hasira, wivu, woga, huzuni, aibu, upweke, hamu, kinyongo. Mpe moja. "Umekasirika kwa sababu nimekataa kununua soda. Nimekataa, na bado sinunui. Nitakaa hapa mpaka utulie." Husalimu amri, wala humpigi. Unamfundisha kwamba hasira ina jina na ina mwisho. Vivyo hivyo anapokuja mtoto mchanga nyumbani na mkubwa akaanza kujikojolea upya: ana wivu, hakuna uchawi. Mbebe huyo mkubwa kidogo kila siku, hata kama ni mzito.

Kuna sentensi moja ningeomba ipigwe marufuku kwenye kila ua: "Mwanaume halii." Anaambiwa mtoto wa miaka mitatu ambaye bado anakojoa kitandani. Anameza kilio, na anaendelea kumeza hadi miaka arobaini, na tunashangaa kwa nini mume mtu mzima akifiwa na mama yake anavunja vyombo. Mwanaume analia. Mwache alie, mfute, mwulize.

Na wacheze. Kombolela, rede, mdako, kujipikilisha kwa makopo na mchanga: huko ndiko wanakojifunza kungoja zamu, kushindwa, kununa na kupatana kabla ya magharibi. Mtu mzima asiingilie kila ugomvi. Aingilie mmoja tu: ule ambao mkubwa anamwonea mdogo.

"Umekuwa wa ngapi?"

Swali hili tunaliuliza kabla mtoto hajavua viatu. Akisema wa nne, tunauliza wa kwanza ni nani, na kama huyo wa kwanza ana vichwa viwili. Mtoto anajifunza upesi kwamba nyumbani kuna watu wanaosubiri namba yake.

Jaribu maswali mengine: leo umecheza na nani? Nani amekuchekesha? Kuna mtu amekuudhi? Uliza mkiwa mnachambua mchele au mnamenya viazi, maana mtoto husema zaidi akiwa na kazi mikononi na usipomkazia macho. Na uwe na subira. Siku ya kwanza atasema "hakuna". Siku nyingine atakueleza habari ndefu ya kalamu iliyopotea, na wewe utaona haina maana. Sikiliza habari ya kalamu. Anapima kama unaweza kubeba kubwa zaidi.

Tuhesabu pia usingizi wake. Dar es Salaam kuna watoto wanaoamshwa saa 10 na nusu alfajiri wawahi basi la shule, wanarudi jioni, wanaoga, wanafanya mazoezi ya darasani mpaka saa 4 usiku. Hizo ni saa sita na nusu za kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Anayesinzia darasani, anayelia ovyo na kusahau alichosoma jana, mara nyingi ana deni la usingizi, na viboko havilipi deni hilo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu, lakini nyumbani kwako kanuni unaziandika wewe. Anayechapwa kwa kusema kweli hujifunza kupanga uongo vizuri zaidi, na uongo huo ndio utakaomzuia kukuambia jambo zito siku litakapomfika.

Jambo zito lipo. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana wengi hawakumwambia mtu. Kwa hiyo yule wa darasa la tatu anayelia Jumamosi asiitwe mvivu kabla hajaulizwa ni nini kinamtokea huko tuisheni, na kuulizwa kwa upole, peke yake, zaidi ya mara moja.

Maandalizi huanza mapema. Mfundishe majina ya viungo vyake vyote kama yalivyo, uume na uke vikiwemo, bila kucheka, ili siku akihitaji kusema aeleweke. Mwambie hakuna mgeni mwenye haki ya kudai akaliwe mapajani. Heshima yetu ni shikamoo, na shikamoo hutolewa kwa mdomo. Mtoto akikataa kumkumbatia anko, anko atapona. Mwambie siri ya mtu mzima anayemkataza kumwambia mama si siri ya kutunza.

Akikuambia, shika uso wako usibadilike. Sema: nimekusikia, nakuamini, umefanya vizuri kuniambia, kosa si lako. Usimwogeshe, tunza nguo alizovaa, mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72. Hospitali kadhaa zina kituo cha Mkono kwa Mkono cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wakikaa kikao wakasema yamalizwe kifamilia, ondoka kwenye kikao. Familia inayomlinda mkosaji imeshachagua upande.

"Balehe hiyo, itapita"

Zamani balehe ilikuwa na walimu wake. Pwani kulikuwa na kungwi na somo, kusini unyago na jando, kwingine shangazi na bibi. Mengine waliyofundisha tuna haki ya kuyakataa, lakini walikuwa na faida moja kubwa: msichana alikuwa na mtu mzima wa kumwuliza. Leo shangazi yuko Kigoma, msichana yuko Mbagala, mama anatoka kazini saa 2 usiku, na mwalimu aliyebaki ni TikTok.

Nafasi hiyo ijaze wewe. Hedhi huweza kuanza hata miaka 9, basi mazungumzo yatangulie, tena mvulana naye ayasikie ili asije kumcheka dada wa watu mwenye doa kwenye sketi. Mwambie mvulana kuhusu ndoto zake na sauti yake inayokwaruza, kabla hajadhani anaumwa. Baba, nenda dukani ukanunue taulo za kike. Muuzaji ataitumbukiza pakiti kwenye mfuko mweusi kana kwamba umenunua bangi. Mwambie hapana haja, ibebe mkononi mpaka nyumbani. Binti yako atakuona, na atajua kwamba mwili wake si aibu ya nyumba. Mpeleke pia akapate chanjo ya HPV inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiondoi uzazi, kama inavyovumishwa. Inamkinga na saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi Tanzania.

Kununa kwa balehe huja na kuondoka. Kinachokaa wiki mbili mfululizo ni kingine: halali au analala mchana kutwa, hali, ameacha mpira aliokuwa anaupenda, ameachana na marafiki, anagawa vitu vyake. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona hutibiwa. Maombi na wosia endelea navyo, na hospitali nenda. Mwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Linampa mahali pa kulitua alilonalo.

Akipenda, na atapenda, usianze kwa kupekua simu. Anza kwa kuuliza huyo mtu anamtendeaje: anamsikiliza, anamlazimisha, anamfokea? Na ikitokea binti amepata ujauzito, jibu la mkato ni "umetuaibisha". Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imewaruhusu waliojifungua kurudi kwenye shule rasmi. Mlango wa darasa ukiwa wazi, wa nyumbani usiwe umefungwa.

"Pesa zimemwishia"

Huyu wa chuo hana haja ya kuelezwa kwa kirefu. Ni mtu mzima, ana kitambulisho cha taifa, na anapiga simu saa 6 usiku. Huenda kweli boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa. Uliza mara ya pili, na baada ya hapo nyamaza mpaka azungumze.

Ukikwama

Hakuna mzazi anayeyaweza yote haya peke yake. Yuko mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, yuko ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, wapo wauguzi wa kliniki wanaofurahi kuulizwa. Ipo pia namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, inayofanya kazi Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Kupiga ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Mfundishe namba hiyo leo, na mwambie kwamba hata kama jambo lenyewe linakuhusu wewe, anaruhusiwa kupiga.